Ukuta wa Duka Langu, Unga Limited

Nilimwambia Aikande, nichoree mlima.
Meru, na theluji kileleni hata kama haipo,
chini yake kopo la rangi limefunguka.
Nitakulipa nusu fedha, nusu rangi.
Akauliza, "Mlima umeuona lini mara ya mwisho?"
Nikageuka nimwonyeshe.
Kidole kikagota kwenye ghorofa ya Mmasi,
penye suruali za mafundi zilizoanikwa juu ya nondo.

Alianza na vibao, huyu:
Kinyozi. Tunaziba Pancha. Usikojoe Hapa.
Herufi zake zilisimama kama askari wa gwaride.
Kisha kwenye vitabu vya mitumba, Kilombero,
akaokota kimoja kisicho na jalada,
picha za Ulaya ya miaka mia iliyopita,
miji yao ilipokuwa inaota meno.
Mbwa ana miguu ishirini, maana anakimbia.
Taa ya barabarani inarusha miba.
Nyumba zinaegemeana kama walevi wa Krismasi.
Nikasema, hawa hawakujua kuchora.
"Walijua sana," akasema.
"Mji ndio uliokataa kutulia kwenye kiti."

Akaja dukani: "Nipe rangi ya saa kumi na mbili na robo."
Nikamfungulia kadi. Samli. Maziwa. Ganda la yai.
"Siyo hizo. Ile ya jua la kwanza
likigonga bati jipya kule Sokoni One."
Tukachanganya njano, nyeupe, tone la nyekundu,
tone jingine,
mpaka kijana wangu Lomayani akasema basi, inaumiza macho.
Aikande akapiga makofi.

Siku tisa juu ya ngazi.
Mashine ya zege akaipa matumbo saba,
moja ndani ya jingine, yote yanazunguka.
Bodaboda mmoja yuko kwenye kona kumi.
Mama wa chipsi, jicho moja kwa mteja,
jicho moja kwa mgambo,
na yote mawili shavu la kushoto.
Kinu kinapumua unga hadi mawingu yanakohoa.
Na mlio wa gereji ya jirani, ndiyo, mlio,
aliuchora: pembetatu nyekundu zinakatana.
Nilipitisha kidole nikiogopa kujikata.

Mchungaji Akyoo alisema ni fujo.
Shemeji alisema nimemwaga mtaji ukutani.
Bwana wa manispaa aliuliza kama ni ramani,
na kama ina kibali.
Lakini fundi nondo mmoja, jina simjui,
alivua kofia ngumu, akasimama muda wa kumaliza soda,
akanyoosha mkono juu kabisa, penye uzi wa buluu:
"Mimi nasimama pale.
Upepo wa pale uko hivi hivi."
Akarudisha chupa, akaenda zake.

Nilimlipa yote kwa fedha, shingo upande,
nikadai mlima wangu.
Aikande akashuka, akanishika bega,
akanisogeza hatua mbili, nusura mtaroni.
Kati ya kreni na tangi la maji
palikuwa na mkato wa zambarau,
mwembamba kama mlango usiofungwa vizuri.
"Si huo?"
Milima haikutani, walisema wa zamani.
Huu wetu umekutana na tangi la lita elfu tano.

Juzi Mmasi amemwaga zege la orofa ya tano.
Asubuhi nikifungua kufuli natazama juu kwa mazoea,
sioni kitu, nageuka ukutani,
hatua mbili, kisigino ukingoni mwa mtaro.
Lomayani ananicheka.
Leo ameuliza ile njano imebaki makopo mangapi,
wateja watatu wameiagiza na hawajui waiiteje.
Nimechukua kalamu,
nikaandika pembeni ya kadi, chini ya ganda la yai:
Saa 12:15.